Maji ya Mvua ya Kwanza

Mume wangu Faradji alipenda vitu vitatu duniani: Mungu wake, binti yetu Soraya, na kopo la zinki la Leta, yaani la serikali, lililosimama juu ya nguzo ya mti katikati ya kiwanja chetu hapa Kasongo. Mimi Asma, mke wake wa ndoa, sikuwamo. Msinionee huruma, nilishazoea zamani.

Kopo lile ni chombo cha kupimia mvua. Juu lina mdomo wa mviringo, ndani lina chupa. Mvua ikinyesha, maji yanashuka kwenye chupa, na kila siku saa moja asubuhi, si kabla wala si baada, Faradji anaitoa chupa, anamimina maji kwenye gilasi nyembamba yenye mistari, anainama mpaka jicho linalingana na maji, kisha anaandika namba kwenye kaye, daftari lake. Basi, kazi imekwisha. Alipewa kazi hiyo mwaka 1986, kijana wa ofisi ya kilimo mwenye suruali moja, na hakuna aliyekuja kumwambia aache. Mshahara uliacha kuja, yeye hakuacha kupima.

Nilikuwa namchokoza. "Baba Soraya, hizo namba tutakula na chumvi ao na mafuta?"

"Mama Soraya, siku moja mutu atakuja kuziuliza."

"Akuje na muchele."

Vita vilipoingia, watu walificha sufuria na mashine za kushonea. Yeye alikwenda kuling'oa lile kopo kwenye ofisi ya kilimo kabla askari hawajaligeuza sahani, akalisimamisha kwetu, akazifunga kaye zake kwa plastiki na kuzifukia chini ya kitanda. Askari walibeba mpunga wetu wote. Kaye hazikuguswa, naye akamshukuru Mungu kama mtu aliyeokoa watoto. Nilitamani kumrushia mwiko. Mbuzi akilikaribia kopo alifukuzwa kwa mawe. Mimi niliambiwa siku ya kwanza kabisa: "Hii si ya kwako, si ya kwangu. Ni ya Leta."

Sasa nisikilizeni vizuri, kwa maana hapa ndipo nilipoharibu.

Kwetu Waislamu wa Kasongo, mtoto akishikwa na ugonjwa mbaya, mwalimu wa Kurani anaandika aya kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, anaiosha kwa maji, na mgonjwa anayanywa yale maji. Hilo ndilo kombe. Na tumelelewa tukijua kwamba hakuna maji ya kombe kama yale ya mvua ya kwanza baada ya kiangazi, mradi yawe hayajagusa kitu: si ardhi, si bati, si nyasi za paa, si jani la mgomba. Yatoke mbinguni, yaingie chomboni. Haya niambieni nyinyi, katika Kasongo nzima ni chombo gani kilichokuwa kinakaa wazi mwaka mzima kikingoja mvua, kisafi, hakiguswi na mbuzi wala mtoto?

Mwaka 2001 Soraya alikuwa na miaka miwili. Degedege ilimkamata, macho yakageuka meupe, meno yakakaza. Sentre ya afya haikuwa na hata kidonge kimoja, vita vilikuwa vimefunga njia zote. Nilimkimbiza kwa mwalimu Atumani. Akaniambia, "Mama, mvua ya kwanza inanyesha saa hii. Nenda ulete maji ambayo haijagusa kitu." Nilirudi mbio. Faradji alikuwa ameenda kuswali alasiri. Nililifungua kopo, nikaitoa chupa, nikaimwaga karibu yote kwenye kikombe, nikabakiza matone chini ili isionekane kavu.

Magharibi haijaingia, mtoto alifungua macho akaniita. Kama ni kombe, kama ni homa iliyochoka yenyewe, Mungu ndiye ajuaye. Mimi nilikuwa mama, na mtoto wangu alikuwa amerudi.

Kesho yake saa moja Faradji aliiinua gilasi, akaitazama sana. "Ajabu. Mvua imepiga kelele yote ile, halafu imeacha milimita moja."

"Labda ni upepo, Baba Soraya," nikasema.

Akaandika: milimita moja, na pembeni, upepo. Ile ndiyo namba ya kwanza niliyoiandika mimi kwa mkono wake.

Siri ya mwanamke mmoja ni siri, ya wawili ni soko. Mwaka uliofuata, mawingu ya kwanza yalipojikusanya, jirani alikuja na kikombe chini ya kitenge. "Mama Soraya, mutoto wangu iko mubaya, nisaidie." Nikampa. Mwaka mwingine walikuja watatu. Akaja hata Anastasie, mwimbaji wa kwaya ya parokia, aliyekuwa akicheka hirizi zetu mbele ya watu. Siku mjukuu wake alipogeuza macho hakucheka. Ningemkatalia nani? Mwalimu akasema mvua ya pili nayo ina baraka, na ya tatu. Mwishoni karibu mwezi wote wa Septemba, hata siku za kwanza za Oktoba, ulikuwa unaondoka kwa vikombe, mchana, Faradji akiwa shambani. Haba na haba, wanasema, hujaza kibaba. Mimi nilikuwa nakimaliza.

Wala sikuona dhambi kubwa. Nilijiambia, maji si yameshaanguka? Shamba si limelowa? Kikombe kimoja kinapunguza nini kwenye mvua ya Mungu? Miaka ishirini na mitatu nilijiambia hivyo.

Mwaka 2024, mwezi wa saba, mutu akaja kuziuliza.

Alikuwa msichana anaitwa Aurélie, amefika kwa pikipiki kutoka Kindu, vumbi mpaka kwenye kope. Baba yake ni mtu wa Kabambare, lakini yeye alizaliwa Kinshasa, na Kiswahili chake kilikuwa kinachechemea kidogo. Alikuwa anasoma Ulaya, katika kundi la watu wanaochunguza barafu kwenye ncha za dunia, kule ambako hakuoti hata jani. Nilidhani ni mwongo. Akatoa simu akatuonyesha picha: nguzo nyeupe, nene kama mchi wa kinu, imelazwa kwenye meza, na watu waliovaa makoti makubwa wanaipima kwa rula.

"Papa Faradji," alisema, "kule theluji inaanguka juu ya theluji, mwaka juu ya mwaka, inagandamana. Tukichimba chini tunakuta kila mwaka mahali pake. Tunasoma joto ya zamani, hewa ya zamani."

Faradji aliishika ile simu kwa mikono miwili. "Basi ni kaye," alisema. "Na haikosi siku?"

"Haikosi, papa. Hakuna mutu wa kuigusa."

Mimi nilikuwa namimina chai.  "Bahati ya hiyo barafu," nikasema, "haina muke." Wakacheka wote wawili, nami nikacheka.

Kisha Aurélie akaeleza kilichomleta. Joto la dunia linaila ile barafu, alisema, na barafu ikipungua kule, upepo na bahari vinabadilika, na njia ya mvua inaweza kusogea huku kwetu. Imesogea? Kiasi gani? Hawajui, kwa sababu huku hakuna aliyepima. Vyombo vilikufa, vita vilikula makaratasi. "Nimezunguka miezi miwili. Kaye zako, papa, ni za kwanza kuona bila mwaka kukosa. Miaka makumi tatu na nane."

Mume wangu alilia. Sikuwahi kumwona akilia, hata alipomzika mama yake. Alijipangusa kwa kofia yake, akaniangalia kama mtu aliyeshinda kesi. Alikaa siku tatu akimfunulia ukurasa mmoja mmoja, msichana akipiga picha, na mimi nikipika sombe ya majani ya muhogo na kuchoma samaki wa Lualaba na kumwomba Mungu asiniangalie.

Ujumbe wa Aurélie ulifika mwezi wa nane. Faradji alipanda kilima cha misheni kutafuta rezo ya intaneti, akarudi anakimbia, mzee wa miaka sitini na kitu. Akanisomea. Tangu 1986 mpaka 2000, mvua ya kweli ilikuwa inaanza karibu na tarehe kumi ya Septemba. Tangu 2001 imechelewa, ikachelewa tena, mpaka sasa inaanza katikati ya Oktoba. Mwezi mzima. Aurélie alikuwa ameandika pia kwamba haya bado ni ya kuhakikisha, kwamba asubiri, asiwaambie watu. Yale Faradji aliyasoma haraka haraka.

Tangu 2001. Niliposikia ule mwaka nilikaa chini pale pale kwenye majivu.

"Unaona?" alisema. "Barafu inayeyuka kule, na mimi niliiona hapa. Mimi, Faradji!"

Na watu walikuwa wakimwuliza kila mwaka: Mzee wa Mvua, tupande lini? Ijumaa ile, baada ya swala, alisimama akawaambia. Msipande mpunga Septemba. Mvua ya Septemba siku hizi ni ya kudanganya, itaotesha mbegu halafu itaziacha ziungue. Ngojeni nusu ya mwezi wa kumi. Wengi walimsikiliza. Wengine walisema mababu zao hawakupanda kwa kaye. Hao wengine Mungu aliwapenda.

Mimi niliapa sitaligusa tena lile kopo. Mvua ya kwanza iliponyesha, tarehe nane Septemba, mwanamke alikuja amebeba mtoto anayechemka, akanyoosha kikombe. Nilimfukuza. Ndiyo, nilimfukuza na mtoto wake, huku namwambia aende sentre, na alinitazama kama mchawi. Asubuhi chupa ilikuwa imejaa. Milimita arobaini na moja. Kwa mara ya kwanza tangu vita, mume wangu aliona Septemba kama Mungu alivyoishusha.

Hakuiamini!

"Ni ya kudanganya," alisema.

"Lakini Baba Soraya, chupa imejaa."

"Chupa ya siku moja na kaye za miaka ishirini na tatu, utaamini nini?"

Soraya alipiga simu kutoka Kabambare, alikoolewa. Mumewe alikuwa amefyeka shamba jipya, hekta nzima, mbegu zote za nyumba zikingoja. "Baba, huku imenyesha juma nzima. Majirani wote wako shambani. Nipande?"

Faradji alinitazama, simu mkononi, anatabasamu. Alikuwa anangoja niseme neno la kumsifu. Mimi nilikuwa na neno moja tu, na lilikuwa limefika kwenye meno. Ningesema "panda", angeuliza kwa nini, na ningemwambia kwa nini. Niliona miaka yake thelathini na minane imekaa pale usoni inatabasamu.  Nikainama nikapuliza moto ambao ulikuwa unawaka vizuri.

"Ngoja, mwanangu," alisema. "Nusu ya mwezi wa kumi."

Soraya ni mtoto mtiifu. Alingoja.

Mwisho wa Desemba mvua ilikatika. Waliopanda Septemba walikuwa wanavuna. Mpunga wa waliongoja ulikuwa ndio kwanza umeshika mimba, na jua liliukuta hivyo. Soraya alivuna makapi, ukiyashika, yanapeperuka. Na si yeye peke yake. Jina la Mzee wa Mvua, ambalo watu walikuwa wakiliita kwa heshima, sasa watoto waliliimba nyuma yake njiani. Msikitini, mtu wa pembeni yake alikuwa akitoa salamu ya mwisho na kuondoka bila kumpa mkono. Anarudi nyumbani moja kwa moja. Anazitandaza kaye kwenye mkeka asubuhi mpaka adhuhuri, anapitisha kidole kwenye mistari.

"Iko kosa fulani, Mama Soraya. Labda ni macho yangu. Labda nilikuwa nasoma vibaya, nimezeeka sikujua."

Aliposhtaki macho yake, nilishindwa. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Nimeyasema maneno hayo kwenye matanga ya watu wengi, sasa yalikuwa yangu. Nilipiga magoti kwenye mkeka, kati ya zile kaye, nikamwambia yote. Soraya na degedege. Kikombe. Jirani, Anastasie, mwalimu. Matone niliyokuwa nikibakiza. Nilikuwa nalia mpaka maneno yanakatika.

Ningemshukuru kama angenipiga. Hakupaza hata sauti. Aliuliza, "Vikombe ngapi?"

"Sijui."

"Siku gani?"

"Sikumbuki, Baba Soraya. Zilikuwa nyingi."

Akaifungua kaye. "Mwaka 2009, tarehe kumi na saba. Imeandikwa milimita mbili. Ulichukua?"

"Sijui."

"Mwaka 2013, tarehe ishirini na moja. Sifuri."

"Labda. Sijui."

Aliniuliza mwaka kwa mwaka mpaka adhana ya alasiri, na jibu langu lilikuwa hilo hilo. Alikuwa bado anatafuta njia ya kuokoa hata Septemba moja. Halafu akachukua kalamu ya biki nyekundu akapiga mstari juu ya kila Septemba na nusu ya Oktoba, tangu 2001 mpaka 2023, na pembeni akaandika kwa mwandiko wake mzuri: si ya kuamini. Akapanda kilima akamtumia Aurélie.

Jibu lilikuja baada ya siku tisa. Papa, asante kwa kusema ukweli, si wengi wangeweza. Bila Septemba siwezi kujua msimu ulianza lini. Nimelazimika kuziondoa zote. Samahani, papa, ningekuwa na kaye nyingine za huko ningeziweka mahali pake, lakini hakuna.

Hakuna nyingine. Fikirini basi. Barafu inayeyuka, hilo wanalijua, wana ile nguzo yao nyeupe ambayo hakuna aliyeigusa. Lakini kama mvua ya Kasongo imesogea kweli, ao ni mimi niliyeisogeza kwa kikombe, hakuna mtu duniani anayejua, na hatajua kamwe. Jibu lilikuwa kwenye ile chupa. Nililinywesha watoto wa watu. Na mkulima akiuliza leo apande lini, hakuna hata mjinga wa kumdanganya. Nimechoka kujiuliza. Maji yakimwagika hayazoleki.

Faradji aliendelea kupima. Kila asubuhi saa moja, anatoka, anapima, anaandika, anarudi, hanitazami. Mimi nilikuwa napita mbali na kopo, upande wa jikoni. Nilishika ile kazi yake ya kupima kama kamba: anapima, basi bado yupo.

Mwaka huu, Septemba, Soraya alifika kwa pikipiki kutoka Kabambare na mtoto wake Hawa. Ana mwaka na nusu, Hawa. Miguu imevimba, nywele zimekuwa nyekundu, analia bila sauti. Njaa ndiyo iliyomfanya hivyo. Hekta nzima ya makapi. Sentre walimpa vipakiti vya unga wa karanga, vikaisha, wakasema vingine vitakuja. Siku ya pili, alasiri, mvua ya kwanza ikashuka, nzito, ikapiga mabati mpaka hatusikilizani. Ilipotulia Soraya alitoka ndani na sahani nyeupe.

"Mama, nimetoka kwa mwalimu. Anaomba maji."

Nami, mimi niliyewapa watu wote wa Kasongo, nilisimama mbele ya kopo nikakunja mikono. "Ngoja kesho saa moja. Baba yako apime kwanza."

"Mama! Mutoto anakufa, unaniambia kupima?"

Faradji alikuwa amekaa barazani. Aliinuka. Alitembea polepole kwenye matope, akanisogeza kwa mkono mmoja kama mtu anayefungua mlango, akalifungua kopo, akaitoa chupa. Akaanza kumimina kwenye sahani.

"Baba Soraya, pima kwanza!" Nilimshika mkono. "Gilasi iko pale! Dakika moja tu, pima halafu umpe!"

"Nimupimie nani?"

Alimimina mpaka mwisho, akaitikisa chupa tone la mwisho lianguke, akairudisha mahali pake. Soraya aliondoka na sahani anakimbia.

Asubuhi saa moja Faradji hakutoka. Nilingoja, nikasikia redio ya jirani ikitaja saa, nikachukua gilasi na kaye nikatoka mwenyewe. Chupa ilikuwa kavu. Nilisimama pale na kalamu. Sifuri ingekuwa uongo, na kweli yenyewe Hawa alikuwa ameshainywa. Ndani nilisikia kitanda kikilia. Nilipoingia, Faradji alikuwa amegeukia ukuta. Hakuuliza ngapi.